Nyuma ya Ukurasa wa Arobaini na Saba

Wawira ndiye aliyenichokoza niandike haya. Aliniambia siku ya kuagana, keki ikiwa bado mdomoni, "Madam Kathure, ukienda na hizo vitu zote kwa kichwa yako, sisi tutabaki tukipapasa." Nikamwambia mimi si mwandishi, mimi ni karani. Akasema basi niandike kikarani. Haya, wenzangu wa ofisini, nimekaa kwangu, kahawa iko nje inaanikwa, hakuna mtu wa kuniita kwa kengele, na ninaandika kikarani. Mishahara sitaitaja, wenye macho mliona viatu vyangu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mimi ni Mmeru na Wawira ni Mwembu, na kila mmoja wetu anaamini lugha ya mwenzake ni yake iliyoharibikia njiani.

Nimefanya kazi katika ofisi moja ya wakili mjini Meru tangu nikiwa msichana wa kuvaa sketi aliyonishonea mama hadi nilipoondoka juzi na magoti yanayolia kila ngazi. Ofisi iko ghorofani, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Mpaka leo nikinusa dawa ya kupe vidole vyangu vinataka kupiga taipu.

Siku ya kwanza nilifika na cheti cha kupiga chapa, nimekikunja vizuri ndani ya bahasha. Karani mkuu alikuwa Mzee Njeru, Mwembu wa Kianjokoma, mrefu, mkavu, mwenye kalamu mbili mfukoni na rula ya chuma ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiazima. Hakukitazama cheti. Aliniwekea rundo la karatasi zilizokwisha kuchapwa.

"Binti, geuza."

"Nigeuze nini, Mzee?"

"Karatasi. Nyuma kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Leo hakuna. Na kesho?"

Ndipo akanieleza kwamba zamani, kabla yangu, mtu aliazima nakala ya mapatano kutoka ofisini, akarudisha baada ya siku mbili, na nyuma yake kulikuwa na sentensi moja mpya iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri kabisa. Sentensi hiyo ilihamisha mpaka wa shamba. Tangu siku hiyo kila ukurasa mtupu uliotoka mikononi mwa Mzee Njeru ulipigwa mstari wa mshazari kwa rula ya chuma, na katikati ya mstari muhuri wa ofisi, wino wa buluu. Basi siku yangu ya kwanza kazini sikuandika hata herufi moja. Nilipiga muhuri nyuma ya karatasi tupu mpaka mkono ukafa ganzi, na jioni Mzee akazikagua zote, akatoa mbili, akasema muhuri umelala upande.

Nilimchukia wiki nzima. Wiki ya pili nikaanza kupiga muhuri bila kuambiwa.

Nyinyi mliozaliwa na kompyuta hamjui tulivyoteseka, na mimi sitawaonea huruma. Tulipiga taipu nakala tano kwa karatasi za kaboni, na ukikosea herufi moja ulifuta mara tano. Kwenye stensili ulipaka dawa nyekundu yenye harufu ya rangi ya kucha, ukapuliza, ukaomba Mungu, ukarudia. Uzito wa faili tuliujua kwa mgongo. Kesi kubwa ya ardhi ilibebwa na watu wawili kutoka ofisini hadi mahakamani, na mvua ya Aprili ikitukuta tulivua makoti tukaifunika faili, sisi tukaloa. Mzee Njeru alikuwa na msemo wake: "Karatasi moja ikianguka njiani, wewe utalala kwako. Mteja ndiye atalala nje." Msemo huo nimewaambia nyote, na najua mnaniiga sauti nikitoka.

Mzee alistaafu, akarudi Kianjokoma kwenye majani chai yake. Aliniachia kiti, rula ya chuma na muhuri. Nakumbuka nilivyojisikia asubuhi ile. Ningeweza kupigia muhuri hata paka.

Kompyuta zilikuja, na baada yake barua pepe. Wakili Mutuma, mwajiri wetu, mtu mwema anayeamini mashine zote hutii ukizisemesha kwa ukali, aliniambia kuanzia sasa nyaraka nyingine tutazituma kwa waya. Nikapiga skana faili yangu ya kwanza, kurasa thelathini, nikaituma mahakamani. Baada ya dakika mbili ikarudi na maneno makali ya Kizungu. Nikakasirika. Nikampigia simu karani wa mahakama nikamuuliza kwa nini ananirudishia barua hata bila kuifungua, kwani nimemkosea nini.

"Mama," akasema, "mimi ndio nimetoka kunywa chai sasa hivi. Sijarudisha kitu."

Hivyo ndivyo nilivyojua kuna kitu kinaitwa ukubwa wa faili, na kwamba barua pepe ina mlango, na mlango una kipimo chake.

Nilijifunza kwa aibu, kama watu wengi wanavyojifunza. Mara ya kwanza niliikata kesi vipande sita nikavituma kimoja kimoja. Vilipofika vilichapishwa kinyume, na mahakama ikasoma habari za mazishi ya shahidi kabla ya ushahidi wake. Mara nyingine nikasikia kuna kufunga faili kwa zipu, nikaifunga, nikafurahi, na ikawa na uzito uleule, maana zipu hubana maneno lakini picha haizibani. Kijana mmoja wa saibakafe akaniambia kuna tovuti za bure, unaipa faili inakurudishia ikiwa ndogo. Nikamuuliza, "Na huko inakokwenda, inakaa na nani?" Hakujua. Siri za mteja haziachwi kwa mtu usiyemjua jina, hata akiwa mtandao. Hilo sikuhitaji kufundishwa na kompyuta.

Polepole nikaelewa. Maneno hayana uzito. Kitabu kizima cha maneno yaliyochapwa moja kwa moja kwenye kompyuta ni chepesi kuliko picha moja ya mbuzi iliyopigwa kwa simu mpya. Na sisi tulikuwa tunafanyaje? Tulichapa barua kwa kompyuta, tukaitoa kwa karatasi, kisha tukaipiga picha kwa skana ili tuirudishe kwenye kompyuta ilikotoka. Wakili Mutuma nilipomweleza alinitazama muda mrefu, akasema, "Kathure, hiyo nisiisikie nje ya ofisi hii." Sasa nimeisema.

Basi nikaweka utaratibu. Kilichoandikwa na sisi kinabaki maneno, kinageuzwa PDF papo hapo. Karatasi ya kawaida yenye wino mweusi inapigwa skana kwa nyeusi na nyeupe, nukta mia mbili kwa inchi zinatosha, mia sita ni za wachora ramani na watu wa kiherehere. Rangi ni kwa kinachohitaji rangi. Kabla hujatuma, fungua ulichokitengeneza ukisome kwa macho, kila ukurasa, maana faili inaweza kuwa ndogo na pia isiwe na faida kwa mtu yeyote. Mnaona nilivyokuwa na akili? Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo sikuligusa. Kila karatasi bado niliigeuza, nikaipiga mstari na muhuri wa buluu nyuma, na skana yetu niliiamuru isome pande zote mbili, kwa rangi, ili muhuri uonekane ni wa kweli. Mwacha mila ni mtumwa, nilisema. Wawira alipoajiriwa, ametoka chuoni Nchiru na vidole vyepesi kuliko vyangu vya ujanani, aliniuliza sababu. Nikampa rundo nikamwambia, "Binti, geuza."

Sasa nifike kwenye kesi yenyewe, kesi ninayojivunia mpaka nikilala natabasamu.

Jumatano moja aliingia mteja wetu, Nkirote, mjane kutoka Muthara, amekumbatia mkebe wa mafuta ya kupikia. Shemeji yake, Mzee Kaberia, alikuwa amemshtaki akitaka aondoke kwenye shamba ambalo Nkirote alizalia watoto wake wote na kumzika mumewe, Mwiti. Kaberia alidai ndugu yake alikaa pale kwa hisani tu. Nkirote siku zote alisema ndugu hao waligawana kwa karatasi, lakini karatasi hiyo hatukuwa tumeiona. Siku hiyo aliufungua mkebe, akatoa mbegu za maharagwe, akatoa gazeti, na chini ya gazeti akatoa ukurasa mmoja wa daftari la shule, umekuwa wa manjano kwa mafuta.

Mbele kulikuwa na mapatano ya kugawana shamba, majina ya mashahidi hadi chini kabisa, na sahihi ya Kaberia, kwa maana yeye alisoma. Mwiti hakusoma. Nafasi ilikuwa imeisha mbele, kwa hiyo kidole chake kiliwekwa nyuma.

Nkirote akageuza karatasi mwenyewe. "Hii ni kidole ya bwana yangu. Ona hii mstari."

Nikavaa miwani. Katikati ya alama ya dole gumba kulikuwa na mstari mweupe mwembamba unaokatiza kutoka kona hadi kona.

"Ni kovu," akasema. "Walikuwa wanakatia ng'ombe majani wakiwa watoto, panga ikapita hapo. Huyo mzee anaweza kukana sahihi yake. Hii atakana aje?"

Na hapo ndipo uzito ulipokuwa. Kaberia alikwisha kuandika kwa mahakama kwamba karatasi yoyote itakayoletwa itakuwa imetengenezwa baada ya ndugu yake kuzikwa, na sahihi yake imeigwa. Lakini maiti haiweki kidole. Kovu likionekana, karatasi iliandikwa Mwiti akiwa hai, na shamba ni la Nkirote. Lisipoonekana, ni doa tu la wino.

Hakimu alikuwa ametoa amri: nyaraka zote za utetezi, katika faili moja, kwa barua pepe, kabla ya saa kumi na moja jioni ya Ijumaa. Isipofika, kesi ingesikizwa bila nyaraka zetu. Na sanduku la barua la mahakama halikupokea kitu kinachozidi MB kumi.

Alhamisi nilipanga karatasi mia mbili na kumi na mbili. Mapatano yakawa ukurasa wa arobaini na saba. Nikazigeuza zote, nikapiga mstari na muhuri nyuma ya kila moja isipokuwa hiyo yenye kidole. Ijumaa asubuhi nikaipa skana, pande zote mbili, rangi kamili, ubora wa juu kabisa, kwa ajili ya kovu. Wakili Mutuma alikuwa Embu kwenye kesi nyingine. Alipiga simu mara moja tu: "Kathure, iende." Akakata.

Faili ilitoka na MB mia moja na tisini.

Nkirote alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja tangu tulipofungua. Aliangalia nje ya dirisha, akaniangalia mimi. "Mahakama si ile hapo ng'ambo ya barabara? Nipeeni nipeleke na mkono."

"Hawapokei mkono siku hizi, mama. Inapitia kwenye kompyuta."

"Inazunguka wapi?"

"Sijui inakozunguka."

"Na unaituma?" akasema, akavuta leso yake vizuri.

Wawira akanisogeza kwenye kiti. "Madam, wacha nii-compress tu, ni sekunde." Akachagua kubana kwa nguvu zote. Ikashuka hadi MB saba. Akapiga makofi, akaanza kuandika barua ya kuambatanisha, na mimi nikasema ngoja, nikafungua nyuma ya ukurasa wa arobaini na saba. Dole gumba lilikuwa limekuwa bonge jeusi. Nikamwita Nkirote aje aone. Akainama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Huyu si Mwiti," akasema. "Hii ni masizi ya sufuria."

Tukajaribu nyeusi na nyeupe. Ile karatasi ya manjano yenye mafuta ikawa nyeusi tii yote, kidole kikamezwa. Tukajaribu kijivu kwa faili nzima, kovu likarudi lakini uzito ukakataa kushuka. Saa nane ikapita. Jasho jembamba lilinitoka, na nyinyi mnajua mimi si mtu wa kutoka jasho. Nilisikia msemo wa Mzee masikioni, wewe utalala kwako, mteja ndiye atalala nje, na mteja mwenyewe alikuwa pale ameketi na mkebe mtupu mapajani.

Wawira alikuwa akipitisha kurasa kwenye kioo, moja moja. Halafu akasema kwa sauti ya chini, kwa heshima, "Madam, nusu ya hii faili ni blank."

"Si blank. Zina muhuri."

"Ndio. Zina muhuri na line. Kila moja ni picha kubwa ya rangi ya karatasi haina kitu. Ziko mia mbili na kumi na moja."

Jamani! Niliona aibu, nikaona na hasira, na hasira ikaja kwanza. Nilimwambia asinifundishe kazi, kwamba muhuri ule umelinda mashamba ya watu kabla mamake hajaolewa. Wawira alisogeza tu kioo nione. Ukurasa mtupu, mstari, buluu. Ukurasa mtupu, mstari, buluu. Kazi ya mikono yangu, na ndiyo iliyoziba mlango.

Nikatoka hadi ngazini nikampigia Mzee Njeru. Aliipokea simu akiwa kwenye chai, nilisikia kikapu kikiwekwa chini.

"Mzee, nataka kutoa nyuma."

"Nyuma ya nini?"

Nikamweleza yote mbiombio, faili, mlango wa MB kumi, mjane, saa. Akasikiliza. Hakuwahi kutuma barua pepe maishani mwake.

"Kathure, muhuri ulikuwa wa kazi gani?"

"Mtu asiandike nyuma."

"Na huko kwa kompyuta, mtu anaweza kugeuza karatasi akaandika nyuma?"

"Hakuna nyuma huko, Mzee."

"Sasa wewe unamzuia nani?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka, aliniuliza kama bado natumia rula yake, nikasema ndiyo, akasema sawa, akarudi kwa chai.

Nikaingia ofisini na kelele. "Wawira! Toa nyuma!"

Wacha niwaambie, binti yule ana haraka. Kufumba na kufumbua alikuwa amechagua kurasa zote za namba shufwa, yaani nyuma zote, mia mbili na kumi na mbili, na kidole kiko juu ya kitufe.

"Simama!" nilipiga ukelele hadi mwenye duka la mbegu akaja ngazini kuuliza kama kuna mwizi. "Nyuma zote si sawa! Moja ina mtu!"

Wawira akaurudisha mkono kifuani. Ukurasa mmoja kati ya hizo ulikuwa Mwiti. Kama angebonyeza na tukatuma kwa furaha, tungekuwa tumelipeleka shamba la Nkirote kwa Kaberia kwa mikono yetu, tena kwa kasi ya umeme.

Tukafanya kazi sasa kama watu wanaojua wanachotafuta. Tulizitoa nyuma tupu mia mbili na kumi na moja. Barua na viapo tulivyovichapa wenyewe tukavivuta kutoka kwenye kompyuta vikiwa maneno, tukapiga skana kurasa za sahihi peke yake. Stakabadhi na barua za zamani zikaenda nyeusi na nyeupe, nukta mia mbili. Wawira alikuwa kwenye kompyuta, mimi kwenye skana, nikimtajia namba za kurasa kwa sauti naye akiitikia. Ukurasa wa arobaini na saba, mbele na nyuma, nikaufuta vumbi kwa ncha ya leso, nikasafisha pia kioo cha skana, nikaupiga kwa rangi kamili, ubora wa juu, bila kuubana hata kidogo. Ule mmoja ulikuwa na haki ya kuwa mzito.

Tuliziunganisha. Wawira akasoma ukubwa, akasoma tena.

"MB tisa na kidogo."

"Fungua nyuma ya arobaini na saba."

Akaifungua, akaikuza. Mistari ya dole gumba ilikuwa imejipanga kama matuta ya viazi, na kovu limepita katikati, jeupe, safi. Nkirote alikuwa amekwisha kusimama nyuma yetu bila kuitwa. Aliweka kidole chake kwenye kioo, juu ya kile cha mumewe, na mimi ambaye hugombeza watu wasiguse kioo nikatazama dari.

Tukatuma saa kumi na dakika arobaini. Kile kiduara kilizunguka, kikazunguka, kikakwama, kikazunguka. Wawira alikuwa anaomba kwa Kiembu, mimi kwa Kimeru, na kwa mara ya kwanza hatukugombania lugha. Saa kumi na dakika hamsini na moja likaja jibu la mahakama: imepokelewa.

"Imefika?" Nkirote akauliza.

"Imefika."

"Na nyuma?"

"Na nyuma, mama."

Nilimkumbatia Wawira nikamzungusha, magoti yangu yakasahau umri. Halafu nikamwagizia chai na mahamri mawili, na wanaonijua wanajua huwa naagiza moja.

Kesi ilisikizwa baada ya majuma machache, kwa video, tukiwa tumebanana mbele ya kompyuta ya Wakili Mutuma, ambaye alikuwa amevaa koti la mahakamani juu na ndara chini. Wakili wa upande wa pili alisema karatasi ile ni ya kutengenezwa na kwamba hiyo inayoitwa alama ya kidole ni doa lisilosomeka. Alisema kwa uhakika kabisa. Nadhani amezoea faili za watu wengine.

Hakimu akasema, "Tuione." Tukaona ukurasa wa arobaini na saba ukifunguliwa kwenye kioo, kisha nyuma yake. Akaukuza. Dole gumba la Mwiti likajaa kioo kizima, kovu kutoka kona hadi kona.

"Mzee Kaberia," hakimu akauliza, "ndugu yako alikuwa na kovu kidoleni?"

Kaberia alikuwa kwenye kijidirisha chake, kofia mkononi. Alikitazama kile kidole muda mrefu. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumchukia, nikashindwa, maana uso wake ulikuwa umekuwa wa mtoto.

"Alikuwa nalo."

"Unajua alilipataje?"

"Ni mimi nilimkata," akasema. "Tulikuwa tunakata majani. Nilikuwa nimeshika panga vibaya." Akafuta macho kwa kofia. "Hiyo ni kidole yake. Wacha tu."

Wakili wake alianza kusema jambo, Kaberia akamwambia anyamaze.

Hukumu ilipotoka Nkirote alikuja ofisini na mkungu wa ndizi mgongoni, kutoka Muthara, na kilo mbili za njugu. Ilikuwa wiki yangu ya mwisho kazini, meza nimeshaisafisha, muhuri na rula nimeviweka kwenye droo ya Wawira. Nilikuwa nimemwambia muhuri sasa ni wa karatasi zinazobaki karatasi, na asiupeleke kwa skana tena, nisije nikasikia.

Nilimkabidhi Nkirote nakala yake ya hukumu, nikamweleza kwamba shamba ni lake na la watoto wake. Alishukuru kwa Kimeru, akanishika mikono yote miwili, akalia kidogo, akacheka. Halafu akakaa kwenye benchi lake lilelile akaanza kuipitia ile hukumu asiyoweza kuisoma, karatasi moja baada ya nyingine. Alikuwa anazigeuza. Alipofika ya mwisho akainuka, akaniwekea mezani, upande wa nyuma juu.

"Madam, huku hakuna kitu."

"Hakuna, mama. Imeandikwa mbele yote."

"Leo hakuna," akasema Nkirote. "Mtu akiandika kesho?"

Nilimtazama Wawira, Wawira akanitazama. Wakili Mutuma akainama kutafuta kalamu chini ya meza, na hakuna kalamu iliyokuwa imeanguka. Wawira akafungua droo yake polepole, akanipa rula ya chuma, kisha muhuri.

Nikapiga mstari wa mshazari, mmoja, ulionyooka. Nikaugandamiza muhuri katikati yake kwa nguvu zangu zote, wino wa buluu, na nilipouinua haukuwa umelala upande.